Chagua kipande kabla hakijaingia mashineni

Mhariri,

Kuna ushauri unaosambaa sana hapa Nairobi, kliniki, makanisani na katika vikundi vya kina mama: ukitaka kupunguza mafuta mezani, acha nyama ya ng'ombe ya kusaga, nunua ya kuku. Ushauri huo unapotosha, nao unawala watu pesa bila kuwapunguzia mafuta. Wingi wa mafuta katika nyama ya kusaga hauamuliwi na mnyama peke yake. Unaamuliwa zaidi na kipande kilichosagwa na vyote vilivyotiwa mashineni pamoja nacho.

Kifua cha kuku kisicho na ngozi kina takriban gramu 3 za mafuta kwa kila gramu 100 za nyama mbichi. Kuku mzima pamoja na ngozi yake ana takriban gramu 15. Paja la ng'ombe lililoparuliwa mafuta ya nje hukaa karibu na gramu 5. Kwa hiyo anayebeba pakiti ya kuku wa kusaga bila kujua kama ngozi iliingia humo, huenda anarudi nyumbani na mafuta mara tatu ya yale aliyoyakimbia kwenye nyama ya ng'ombe.

Nyama ya ng'ombe ya kusaga yenye mafuta asilimia 20 ina kalori karibu 250 katika gramu 100, na takriban gramu 7 na nusu za mafuta yale mazito yanayoganda, ambayo ndiyo hupandisha lehemu (kolesteroli) mwilini. Yenye asilimia 10 ina kalori karibu 176 na gramu 4 hivi za mafuta hayo mazito. Yenye asilimia 5 ina kalori zisizozidi 140 na gramu 2 na kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta hayo yasizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, yaani gramu 22 hivi kwa mtu anayekula kalori 2,000. Sahani iliyotokana na gramu 150 za nyama ya asilimia 20 inamaliza nusu ya kiwango hicho hata kabla ya kuhesabu mafuta ya kukaangia na chapati pembeni. Jambo lingine linalowapita wengi ni kwamba asilimia hiyo ni ya uzito. Nyama yenye mafuta asilimia 20 kwa uzito hupata karibu asilimia 70 ya kalori zake kutoka kwa mafuta hayo hayo.

Tatizo ni kwamba kwenye bucha zetu, iwe Burma, City Market au kibanda cha mtaani, asilimia hiyo huioni popote. Nyama iliyokwisha kusagwa na kurundikwa kwenye sinia kwa kawaida ni ya vipande vilivyobaki mchinjaji alipokuwa akikata: ubavu, tumbo la nje, shingo, na mara nyingi kipande cha nundu. Nundu ya ng'ombe wetu imejaa mafuta, na ikisagwa vizuri haionekani. Kumbe ng'ombe hao hao waliolishwa nyasi kwenye mbuga hawana mafuta mengi ndani ya mnofu wenyewe. Mafuta yao mengi hukaa nje ya nyama, mahali kisu kinapofika. Hiyo ni bahati kubwa kwa mpishi wa Nairobi, kwa sababu anaweza kusimama kaunta na kuamua mwenyewe.

Namna ya kuagiza ni hii. Usiseme unataka kilo ya nyama ya kusaga. Sema unataka kilo ya steki ya paja, ipimwe, kisha mafuta ya nje na ngozi nyeupe ngumu viondolewe mbele yako, ndipo isagwe. Kubali kwamba utapoteza gramu 80 hadi 150 kwa kilo, na ulipe uzito wa kabla ya kuparua, maana mchinjaji naye hawezi kubeba hasara hiyo. Sarara haina haja ya kusagwa; ni ghali, na ulaini wake unapotelea mashineni. Kwa mchuzi wa kupikwa polepole, muundi ni mzuri kuliko paja: hauna mafuta mengi, lakini una nyuzi zinazoyeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito ukiuacha moto mdogo kwa saa moja na nusu.

Angalia pia mashine. Ndani yake hubaki konzi nzima ya nyama ya mteja aliyetangulia, na hiyo ndiyo hutoka kwanza. Omba ifunguliwe na kusafishwa, au angalau hicho cha kwanza kiwekwe kando. Kisu kikiwa butu, au nyama ikiwa imepata joto, mafuta hupakazwa badala ya kukatwa, na kinachotoka ni uji wa rangi ya waridi. Nyama iliyosagwa sawasawa hutoka kwa nyuzi zinazoachana, nyekundu na nyeupe zikionekana kila moja mahali pake. Kwa matumizi mengi ya nyumbani, isagwe mara moja tu kwa sahani ya mashine yenye matundu makubwa. Kusaga mara mbili kunafaa kababu na sambusa.

Rangi nayo isikudanganye. Mwaka 2019 taarifa ya uchunguzi ya runinga ilizua taharuki nchini kuhusu nyama katika maduka makubwa kutiwa sodiamu metabaisalfaiti, kemikali ya kuhifadhi chakula, ili ionekane mbichi. Nyama safi ya kusaga huwa nyekundu juu na ya kijivu au kahawia ndani, kwa kuwa hewa haifiki katikati ya rundo. Hiyo si kuoza. Ile ya kutiliwa shaka ni inayong'aa wekundu ule ule ndani na nje, leo na kesho kutwa.

Anayetaka uhakika anaweza kupima mafuta kwa mzani wa jikoni. Chukua gramu 200 za nyama uliyonunua, ichemshe katika vikombe viwili vya maji kwa dakika 20 huku ukiivunjavunja. Chuja maji yote kwenye chombo kirefu cha glasi, ongeza kikombe cha maji ya moto juu ya nyama na uyachuje humo pia. Weka friji usiku kucha. Asubuhi mafuta ya ng'ombe au mbuzi yatakuwa yameganda juu kama sahani. Yainue, yafute maji, uyapime. Ukipata gramu 40, nyama yako ilikuwa na angalau asilimia 20, kwa sababu kiasi fulani hubaki ndani ya nyama. Mafuta ya kuku hubaki laini, kwa hiyo yakusanye kwa kijiko. Fanya hivyo mara moja kwa kila bucha unayoitegemea, na utajua unauziwa nini.

Wengine watasema nyama isiyo na mafuta ni ya wenye pesa. Tupige hesabu. Kilo yenye mafuta asilimia 25 ina gramu 750 za mnofu. Yenye asilimia 10 ina gramu 900. Tuseme ya kwanza inauzwa shilingi 600. Basi hata ya pili ikiuzwa shilingi 720, kila gramu ya mnofu imekugharimu sawasawa. Ikizidi hapo, ndipo unalipia zaidi. Na aliye na uwezo wa kununua ile ya mafuta tu bado ana njia: aikaange bila kuongeza mafuta, aimimine kwenye chujio, kisha aimwagie maji ya moto kabla ya kutia nyanya na viungo. Sehemu kubwa ya mafuta huondoka. Ladha hupungua kidogo, na vitunguu saumu, tangawizi na dania huirudisha. Mafuta hayo yasimwagwe kwenye sinki. Huganda ndani ya bomba, na kwenye ghorofa zetu jirani wa chini ndiye anayeumia. Yaache yagande kwenye mkebe, uyatupe na taka.

Mbuzi anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa. Mnofu wake mtupu una gramu 2 hadi 3 za mafuta kwa gramu 100, sawa na kifua cha kuku, na una madini ya chuma mengi zaidi. Ila mbuzi wa kusagwa awe wa mguu wa nyuma, atolewe mifupa yote na mishipa myeupe, la sivyo mishipa hujizungusha kwenye kisu cha mashine na nyama inatoka ngumu kutafuna. Mbavu za Kiamaiko ziachiwe jiko la mkaa. Ngamia, anayepatikana Eastleigh, naye ana mnofu usio na mafuta mengi. Kondoo ndiye wa kuepuka kwa kusaga, maana nyama yake ya kawaida ya kusaga hupita asilimia 20. Nguruwe wa kusaga naye hukaa hapo hapo, isipokuwa ukichagua nyama ya mgongo iliyoparuliwa.

Hapa ndipo ushauri wa kuhamia kuku unaponitia wasiwasi zaidi. Kifua cha kuku kina takriban miligramu 0.4 za chuma katika gramu 100. Nyama ya ng'ombe ina zaidi ya miligramu 2, na ya aina ambayo mwili huichukua kwa urahisi. Nyumba yenye mama mjamzito au wasichana waliokwisha kuvunja ungo isiondoe nyama nyekundu kwa kuogopa mafuta ilhali mafuta yenyewe yanaondoka kwa kisu. Mipaka ipo: Mfuko wa Utafiti wa Saratani Duniani unashauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 zilizopikwa kwa wiki, na hizo zinatosha milo mitatu ya kiasi.

Sasa jikoni. Wengi huijaribu nyama isiyo na mafuta mara moja, ikawatoka kavu kama chembe za mchanga, wakarudi kwa ile ya zamani. Sababu ni kwamba mafuta ndiyo yaliyokuwa yakificha makosa ya upishi. Kwa mchuzi wa gramu 500, tumia kikaangio kipana, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, na ukaange kwa mafungu mawili. Ukiitia yote pamoja, maji yanatoka upesi kuliko yanavyokauka, na nyama inachemka badala ya kukaangika. Itandaze, usiiguse kwa dakika mbili au tatu hadi ishike rangi chini, ndipo uigeuze. Itoe, kaanga kitunguu na nyanya mpaka ziive kabisa, kisha irudishe kwa dakika 10 tu. Nyama ya paja haina nyuzi za kuyeyuka. Kuipika dakika 40 kunaikausha bure. Chumvi iingie mwishoni.

Kababu ni kinyume chake. Chumvi huingia mapema, kwa sababu ndiyo inayofanya nyama inate. Kwa gramu 500 tia robo tatu ya kijiko cha chai, kitunguu kimoja kilichokunwa na kukamuliwa maji, yai moja, na vijiko vikubwa vitatu vya chembe za mkate zilizoloweshwa kwenye maziwa kiasi hicho hicho. Mkate hushika maji ambayo nyama ingeyaachia motoni. Kanda dakika mbili, pumzisha kwenye friji nusu saa, viringa unene wa sentimita 2, kaanga kwa moto wa wastani dakika 4 hadi 5 kila upande. Usizibonyeze kwa mwiko. Maji yanayochuruzika ndiyo utamu wenyewe.

Ukitaka kupunguza mafuta na gharama kwa pamoja, changanya gramu 300 za nyama na kikombe kimoja na nusu cha ndengu zilizochemshwa. Kwa chapati, hakuna atakayelalamika.

Usalama usisahaulike. Vijidudu vya juu ya kipande huenezwa na mashine hadi ndani, kwa hiyo kababu haifai kuliwa ikiwa mbichi katikati. Ng'ombe na mbuzi wa kusaga wafike nyuzi joto 71 za Selsiasi, kuku 74. Rangi si kipimo, maana nyama yaweza kuwa kahawia kabla haijaiva. Kipimajoto cha jikoni kinafaa kuwa nacho. Kwenye friji isikae zaidi ya siku mbili. Kwa kugandisha, igawe mafungu ya gramu 250 na kuyabana bapa kwenye mfuko: huganda upesi na huyeyuka upesi, tena ndani ya friji, si juu ya kaunta.

Kwa wenye bucha na maduka makubwa ninaomba mambo ambayo hayahitaji mtambo mpya. Sinia ya nyama ya kusaga iwe na kibao kinachotaja mnyama, kipande na saa iliposagwa, na kama ni kuku, iandikwe wazi iwapo ngozi imo. Shirika la Viwango la Kenya nalo lidai pakiti zinazojigamba kuwa hazina mafuta mengi zitaje asilimia kwa tarakimu, mbele ya pakiti, kando ya bei.

Mwalimu wa upishi na lishe,
Nairobi