Jumamosi tunaanza na kalamu

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi tunaingia takwimu za Bayes, yaani njia ya kurekebisha imani ya awali kwa kutumia data, na saa ya kwanza naomba kompyuta zibaki zimefungwa. Njooni na kalamu na karatasi.

Tuseme kabla ya kuona data tunaamini uwezekano wa kufaulu uko karibu na nusu: Beta(2,2), yaani mgawanyo wa uwezekano wenye namba mbili, ya kwanza ya kufaulu, ya pili ya kushindwa. Tunajaribu mara 10, tunafaulu 7. Jumlisha tu: 2+7 kwa kufaulu, 2+3 kwa kushindwa. Tunapata Beta(9,5), wastani wake 9/14, yaani kama 0.64, si 0.7 (7/10) ya data peke yake. Utamu uko hapo! Imani ya awali imevuta jibu. Rudieni kwa majaribio 100, kufaulu 70, muone mvuto huo unavyofifia.

PyMC na Stan, programu za kufanya hesabu hizi, baadaye. Nimeona wengi wakikimbilia programu bila kujua inahesabu nini. Aliyekwama aniandikie leo, asisubiri kikao.