Mtoto anaanza kusoma kwenye khanga ya mama yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa maoni niongee na wazazi wenzangu juu ya kumsaidia mtoto kuongea na kusoma nyumbani, hasa sisi wa uswahilini ambao tunashinda kwenye shughuli zetu na watoto tunao hapo hapo pembeni. Mimi ni fundi cherehani, nipo Tandika, nina watoto watatu na haya ninayoandika yamenikuta kwa huyu wa mwisho, kwahiyo sisemi ya kusikia.

Kijana wangu alifika miaka miwili na nusu maneno yake hayafiki kumi. Mama, maji, hataki, na "mu" akimaanisha simu. Wenzake waliomtangulia umri huo walishaunga maneno, mama njoo, baba kaenda, mpaka habari za nyumba ya jirani wananiletea. Huyu akitaka kitu ananivuta mkono ananyoosha kidole basi. Mtaani kila mtu akawa na lake, huyu ananiambia watoto wa kiume huwa wanachelewa muache atasema mwenyewe, yule ananiambia ana udata huyo mpeleke wakamkate chini ya ulimi, na kuna bibi mmoja namheshimu sana alishanitafutia mpaka mzee wa kukata, tena anakata kwa wembe. Namshukuru Mungu nilisita. Nikampeleka hospitali, wakamwangalia ulimi hauna shida, wakampima masikio anasikia vizuri, na hapa naomba niseme kabisa kwa mwenye mtoto anayechelewa kuongea, anzia kwenye masikio, maana kuna watoto hawasikii vizuri na sisi nyumbani tunawaita wajeuri tunawachapa.

Sasa nesi mmoja mtu mzima akanigeukia akaniuliza, "Mama, huyu mtoto mchana kutwa anaongea na nani?"

Nikakosa jibu. Kwa sababu mchana kutwa alikuwa amekaa chini ya meza yangu ya kukatia, juu ya vipande vya vitambaa, na simu yangu mkononi anaangalia katuni mpaka chaji iishe, na ikiisha naichomeka anaangalia hapo hapo kwenye waya. Mimi napiga cherehani, wateja wanaingia wanatoka, naongea na wateja, naongea na fundi mwenzangu, mtoto haongeleshwi na mtu. Na katuni zenyewe za Kizungu. Simu inaongea sawa, lakini haimuulizi kitu na haimsubiri ajibu. Nikaja kujua baadae kwamba Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo tangu 2019, mtoto ambaye hajafika miaka miwili haifai kuwekewa simu wala tivii, na kuanzia miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku na ikipungua hapo ndo vizuri zaidi. Wangu alikuwa anakaa nayo masaa sita, saba. Niliumia sana, yani nilirudi nyumbani kwenye daladala nimempakata nalia kimya kimya.

Basi simu nikaifungia kwenye droo. Wiki ya kwanza ilikuwa vilio tu siwadanganyi, ila nikawa namwongelesha kila ninachofanya hata kama hajibu. Hiki kifungo, hiki kifungo cha blu, haya nipe kifungo cha blu, asante. Tunakata kitambaa, umesikia mkasi unavyolia? Akisema "mai" simkemei wala simcheki, namwambia unataka maji, haya maji haya hapa, maji ya baridi. Namrudishia neno likiwa zima na naliongezea kimoja juu yake. Na kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kumsubiri, maana sisi wazazi tukimuuliza mtoto swali tunalijibu wenyewe kabla hajafungua mdomo, nikawa nauliza halafu nahesabu moyoni mpaka kumi namwangalia usoni. Ilipotimia kama miezi mitatu hivi akaniambia "mama mkasi uko wapi". Mkasi ulikuwa mkononi kwangu, nilishindwa hata kukata.

Sasa nije kwenye kusoma. Watu wanasema vitabu ghali, ni kweli, lakini wamama tuangalie tulichojifunga kiunoni. Khanga ina maandishi! Kila doti inayokuja kwangu kukatwa na kupindwa ina jina lake pale chini, kwa herufi kubwa nyeusi ambazo hata mtoto wa miaka minne anaziona vizuri. Siku moja mteja kaleta doti imeandikwa NANI KAMA MAMA, kijana akaja kuweka kidole juu ya herufi akauliza imeandikwaje. Nikamsomea nimeweka kidole chake chini ya kila silabi, na, ni, ka, ma, ma, ma. Akarudia. Akaruka kwenye ile ma ya mwisho, akaenda kwenye ile nyingine, akacheka, kagundua zinafanana! Hebu hesabuni wenyewe, maneno yale matatu yana herufi tano tu, n, a, i, k, m. Kwa herufi hizo hizo tano anapata mimi, kaka, amani, imani, anapata mpaka sentensi, nina kaka. Tulikaa na ile khanga kama wiki mbili, mwenyewe alikuwa safari, na siku anakuja kuichukua kijana alikuwa anaisoma bila msaada, yule dada akafungua mkoba akampa mia tano.

Hii ndo neema ya Kiswahili chetu na hatuioni. Herufi a ni a popote ilipo, i ni i popote ilipo, ukishamjulisha mtoto a e i o u na ukamuwekea ba be bi bo bu kashapata njia, yale ya mb na nd na ng' ya ng'ombe yatakuja taratibu. Mtaala wa KKK, yani kusoma, kuandika na kuhesabu, ulioanza 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulikazia hayo hayo, sauti kwanza, silabi, neno. Lakini sisi mtoto ana miaka mitatu tunamkimbizia nasari anaimbishwa ei bii sii, akirudi nyumbani tunafurahi kweli kweli mtoto kajua Kizungu, halafu mwambie asome neno mama atakwambia "em ei em ei". Hawezi kuliunganisha, atalitoa wapi? Sikatai Kizungu, watakikuta shuleni na kina faida yake. Nasema aanze kusoma kwa lugha anayoiota usiku.

Na kuandika pia tusiharakishe. Binti yangu wa katikati nasari moja walimshikisha penseli ana miaka mitatu, ajaze ukurasa mzima wa a, na kwa vile anatumia kushoto walikuwa wanampiga kile kiganja, akawa akiona daftari tu anajificha chooni. Nilimtoa. Vidole vya mtoto vinakomaa kwa kuchambua mchele, kuvua na kufunga vifungo, kukanda unga wa chapati, kuchora mchangani kwa kijiti. Huyu mdogo nimempa chaki ya fundi, ile bapa, na sakafu ya sementi, anachora anafuta kwa kitambaa. Jina lake kaanza kuliandika mwenyewe hajaambiwa na mtu, herufi moja inaangalia huku nyingine kule, nimeiacha hivyo hivyo. Na binti wa kushoto yupo darasa la tatu saizi anaandika mwandiko mzuri kuliko wangu, kwa mkono huo huo wa kushoto.

Wababa nao wasijitoe. Mume wangu anaendesha bajaji, anarudi usiku kachoka, lakini robo saa haikosi. Anamtegea vitendawili. Kitendawili! Tega! Kuku wangu katagia miibani. Mtoto akishindwa baba anadai apewe mji, na kijana kila siku anampa Mbagala, baba anakataa anataka wa mbali, ndo kajifunza Kilwa, Tabora, Bukoba. Kipindi cha nyuma nilikuwa naona ni mchezo tu wa kuwachangamsha, kumbe humo mtoto anafikiri, anasikiliza, anasubiri zamu yake. Na baba huyo huyo ndo kamfundisha kusoma YANGA kwenye meza ya magazeti pale kituoni, akasoma na SIMBA kwa shingo upande. Sasa hivi tukipanda daladala anasoma ubavuni, Ta-ndi-ka, Ka-ri-a-ko-o, konda anamshangilia.

Kwanini nayasema haya nyumbani nyumbani badala ya kuwaachia walimu? Kwa sababu tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamejaa mashuleni, jambo jema sana, wangapi wangebaki nyumbani, lakini mwalimu mmoja mbele ya darasa lililofurika hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma. Mwalimu naye ni binadamu. Ile dakika kumi ya kumsikiliza mmoja mmoja ipo kwetu.

Mhariri nina maombi mawili. La kwanza ni kwa viongozi wa manispaa zetu, Maktaba Kuu ya Taifa ipo mjini barabara ya Bibi Titi Mohamed, aliifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na watoto wana sehemu yao, lakini kumtoa mtoto Tandika mpaka kule ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi na siku nzima bila kazi. Tupatiwe hata chumba kimoja ofisi ya mtaa, rafu moja ya vitabu vya watoto vya Kiswahili, wamama tutapokezana kukaa pale bure, mimi wa kwanza.

La pili ni kwenu. Gazeti lenu likishasomwa linakuja kufungia vitumbua huku mtaani, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 ndo tunaliona zaidi, kijana akishakula anakunjua karatasi yenye mafuta anatafuta herufi anazozijua. Lakini maandishi ya ndani ni madogo mno anaishia kwenye kichwa cha habari. Wekeni kona ndogo kila Jumamosi, mistari mitano tu kwa herufi kubwa, kisa kifupi cha kuku au cha mvua, na kitendawili kimoja ambacho jibu lake linatoka wiki inayofuata. Mkiiweka nitanunua nakala mbili, moja ya kusoma nae na nyingine naibandika ukutani juu ya cherehani.

Fundi cherehani,
Tandika, Dar es Salaam