Kikohozi wanakijua, mtoto je?

Rafiki yangu kipenzi,

Vipi hali, watoto hawajambo? Samahani nimechelewa, meseji yako niliiona siku ile ile ila nikasema hii siwezi kuijibu kwa mistari miwili. Umeniuliza wahudumu wa afya wa vijijini wanajua nini kuhusu TB, na swali lenyewe limenikuta na kidonda bado kibichi.

Wiki ilopita nilikaa na wahudumu wangu nikawaambia leo hamna daftari hamna mabango, tunaongea tu. Nikauliza, nani tunamshuku ana TB? Wote kwa sauti moja, anayekohoa wiki mbili au zaidi, ana homa, anatoka jasho usiku, anapungua uzito. Na anayeishi na VVU je? Hapo sauti zikapungua kidogo ila wakasema huyo hatusubiri wiki mbili, akikohoa tu anaenda kupima. Inaambukizaje? Hewani, mgonjwa akikohoa, akiongea, akiimba. Nikasema moyoni jamani hawa watu wanajua, na si unajua wengi wao wanatembea kwa miguu nyumba hadi nyumba na hawana mshahara wa maana.

Alafu nikauliza, basi kikombe cha mgonjwa kinatengwa? Zaidi ya nusu wakasema ndio, na sahani pia. Watu wale wale waliotoka kuniambia hewani! Nikauliza na dirisha la chumba anacholala je, kimya. Mwenzangu, hapo ndo nikaelewa, lile la semina limekaa upande huu wa kichwa na lile alilokua akilisikia nyumbani kwao limekaa upande ule, na hakuna aliyewahi kuyakutanisha. Kwa hiyo mhudumu anaingia kwa mgonjwa anatenga kikombe ambacho hakina kosa lolote huku dirisha limefungwa usiku kucha, na mgonjwa akishatengewa vyombo anajiona uchafu, kesho ukipita anajificha na dawa zinaanza kurukwa. Mwingine akasema TB ni ya ukoo, kwani kuna nyumba baba kaugua, mtoto kaugua, mjukuu naye kaugua. Robert Koch katangaza mdudu wa TB tangu 1882 na bado tuko hapo, ila simlaumu hata kidogo, ye kwa macho yake kaona ukoo, hajafundishwa kuangalia kwamba hao wote walikuwa wanalala chumba kimoja wanavuta hewa moja.

Sasa kilichonivunja. Kuna mama mmoja mtu mzima, katika wote ndo wa kuigwa, alimsimamia mzee mmoja dozi ya miezi 6 nzima, ile miezi 2 ya dawa nne na ile miezi 4 ya dawa mbili, hakuna siku imerukwa, mzee kapona kabisa. Nyumba hiyo hiyo kulikuwa na mjukuu wa miaka 2. Mtoto hakuwa anakohoa sana, alikuwa tu haongezeki uzito, kanyong'onyea, hachezi na wenzie, na huyu mama alimwona kila alipoenda kumwangalia babu, akamshauri mama mtu ampe chakula vizuri. Kuja kumpeleka hospitali ameshaanza degedege, TB ilishaingia kwenye ubongo. Yuko hai, namshukuru Mungu, ila miguu haijarudi sawa. Yule mama mhudumu akanitazama akasema, "Mwalimu, mbona hukutuambia?"

Na kweli sikuwaambia. Nimerudi nyumbani nimepekua somo langu mwenyewe, siku mbili za mafunzo na mtoto ana mstari mmoja tu, unasema watoto wachanjwe BCG, basi. Mtoto yule kovu la chanjo analo begani! BCG inapunguza sana hizi TB kali za watoto lakini haizimalizi, na nilijua, nilisoma, sikuona umuhimu wa kuwapa wao. Sikuwaambia kwamba mtu mzima akivuta wadudu hawa mara nyingi mwili unawafungia wakalala, ndo maana inakadiriwa robo ya watu duniani wanao na katika hao ni 5 mpaka 10 tu kwa kila 100 watakaougua maishani, lakini kwa mtoto mdogo ule mlango haufungi vizuri, ndani ya miezi tu anaweza kuwa mgonjwa wa hatari. Alafu mtoto hatoi makohozi, anayameza, kwa hiyo ukimsubiria akohoe upeleke sampuli unasubiri kisichokuja. Dalili yake ni kilo. Mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa wa TB ya mapafu anatakiwa achunguzwe hata kama anacheza na kucheka, na akikutwa hana ugonjwa apewe dawa kinga. Hii sentensi moja ningeisema ile siku ya kwanza, we acha tu.

Mengine tuliyakuta ni madogo ya kurekebishika. Hawakujua rifampisini, moja ya dawa za TB, inageuza mkojo rangi ya machungwa, wagonjwa wawili waliacha dawa wakidhani wanakojoa damu, na mhudumu naye akaogopa pamoja nao, wakati cha kukimbiza kituoni ni macho kuwa ya njano. Na wengi wanapeleka mate badala ya makohozi ya kutoka kifuani, majibu yanarudi hakuna TB.

Nilichofanya kwanza ni kwenye rejista, maana fomu ina nafasi ya mgonjwa tu, hao anaolala nao hawapo. Nimewachoria kwa mkono nyuma ya karatasi, majina ya wote wanaolala nyumba hiyo, umri, uzito wa watoto, na tarehe waliyochunguzwa. Na hatuanzi na wagonjwa wapya peke yao, tunarudi kwa waliokwisha kupona pia, maana watoto wao hakuna aliyewaangalia.

Naomba unitumie unavyowafundisha wa kwako hii mada ya watoto, hata picha za kurasa tu au voisi, na uniambie ukweli kama na wewe uliiruka. Kesho asubuhi natoka na yule mama, kakataa kupumzika, tuna nyumba tatu na mizani naibeba mimi.

Nisalimie wote hapo,
mimi rafiki yako wa siku zote