Barua kwa mwanangu: Simba na mnyororo wake

Neema mwanangu,

Nilifika Moshi salama, basi lilitukalisha Babati tu karibu saa nzima. Sikutaka kulisema nikiwa kwako, maana mgeni hakosoi nyumba aliyolala, lakini njia nzima nilikuwa namfikiria mbwa wako Simba.

Nililiona lile duara karibu na ukuta. Udongo umekuwa vumbi kama unga, halafu ghafla nyasi zinaanza: hapo ndipo mnyororo wake unapoishia. Wewe unatoka saa 12 asubuhi kwenda kazini Mtumba, unarudi saa 2 usiku. Siku moja mchana nilitia mkono kwenye bakuli lake, maji yalikuwa na joto la kumwogeshea mtoto mchanga.

Najua ulimchukua kwa ajili ya wezi. Huko kwako Nzuguni nyumba zinaota kila wiki, na katikati yake bado kuna vichaka na mapagale. Lakini mbwa aliyefungwa kutwa hubwekea upepo, mbuzi, bodaboda, kila kinachopita. Ukishamzoea, hata mwizi akija hutaamka. Mtafute fundi akujengee banda la wavu, aweke nyasi juu ya bati kwa sababu ya jua hilo la Dodoma. Mchana akae humo, usiku ukishafunga geti mfungulie azunguke uwanja. Na jioni mtembeze, hata kama umechoka.

Jambo la pili ni jirani yako, yule mama wa mkono wa kushoto. Siku geti lilipobaki wazi, Simba alimlamba gauni. Yeye ni Mwislamu, kwake hilo si dogo: alilifua mara saba, moja kwa udongo, ndipo akaswalia. Alinisimulia huku anacheka, lakini wewe hakukwambia. Nenda kamwombe radhi, na umpelekee yale maparachichi.

Halafu chanjo. Uliniambia alichanjwa alipokuwa mdogo, ukaona yameisha. Chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa, mwanangu. Tafuta kadi yake leo, na kama mwaka umepita mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mjomba wako aliumwa na mbwa wetu wenyewe, hapahapa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, mbwa aliyemlea kwa maziwa. Walimpaka mafuta ya taa kwanza, ujinga mtupu. Zama zile sindano zilichomwa tumboni, moja kila siku. Nilikuwa nampeleka kwa miguu, tukirudi anatembea ameshika tumbo kama mjamzito. Siku hizi ni chache na zinachomwa begani, ila ugonjwa ni uleule: dalili zikishaanza, daktari hana la kufanya. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Hata kama aliyeuma ni Simba wako.

Ukiona kazi haikupi nafasi, sema bila aibu, tutamleta huku. Baba yako atanung'unika wiki ya kwanza, ya pili utamkuta anamkatia nyama ya sahani yake. Kwa paka alifanya hivyohivyo.

Mama yako.

Nimesahau: hilo bakuli la plastiki litupe. Mnunulie chungu, maji yatabaki baridi.