Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Tabora: leseni ya biashara isitumike kususia

Ndugu Mkurugenzi,

Yahusu: Ombi la tamko la Halmashauri kuhusu leseni za biashara na wito wa kususia bidhaa

Ninakuandikia kama mwenye duka la rejareja katika Kata ya Isevya, na ninaiweka barua hii hadharani kwa kuwa jambo lenyewe limekwisha kutoka kwenye simu za watu na kuingia sokoni. Katika makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara na ya waumini wa dini mbalimbali hapa mjini inazungushwa orodha ya kampuni ambazo wananchi wanahimizwa wasinunue bidhaa zake, kwa maelezo kwamba wakuu wa kampuni hizo huko nje wanaunga mkono haki za watu wa mapenzi ya jinsia moja. Orodha inaanza na soda, bia, sabuni na simu, na inaishia kwa saluni moja na fundi cherehani mmoja wa hapa hapa Tabora. Katika kikao kimoja cha wafanyabiashara, mjumbe alisimama akapendekeza Halmashauri iombwe isihuishe leseni za waliotajwa, pamoja na za maduka yatakayoendelea kuuza bidhaa hizo, na watu wakampigia makofi. Ombi hilo likikufikia, ninaomba ulikatae, na ulikatae kwa maandishi.

Nieleweke kwamba sipingi haki ya mnunuzi kususia. Asiyetaka kunywa soda ya kampuni fulani kwa sababu ya imani yake hahitaji kibali changu wala chako, na hata akiwashawishi wenzake kwa maneno ya kweli hajamkosea mtu. Taifa hili linaifahamu njia hiyo tangu kabla ya uhuru. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa miongoni mwa waliozungumza London tarehe 26 Juni 1959, katika mkutano uliozindua harakati za kususia bidhaa za Afrika Kusini, na wito ule ulimtaja waziwazi aliyekusudiwa, yaani serikali ya ubaguzi wa rangi, na ulitaja pia kile kilichotakiwa kikomeshwe. Orodha yetu haina hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Januari 1958, ni katika mji wetu huu TANU ilipobishana kama isusie uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa wamekwisha kuamua kususia, kwa hasira ambayo hakuna awezaye kuilaumu, kwa sababu masharti yale yalikuwa ya kudhalilisha. Mwalimu aliwashawishi washiriki kwa hoja kwamba wakikaa kando watawaachia wapinzani wao viti vya Baraza la Kutunga Sheria bila jasho, na historia ikampa haki. Wajumbe wale walipima nani angeumia na nani angefaidika, na walipima wakiwa na uchungu mkubwa kuliko tulio nao sisi leo. Katika kikao chetu sikusikia mtu hata mmoja akiuliza swali hilo.

Kisa kinachofanana zaidi na ombi linalokujia kilitokea Marekani mwaka 2012. Dan Cathy, aliyekuwa rais wa kampuni ya migahawa ya kuku iitwayo Chick-fil-A, alisema hadharani kwamba anapinga ndoa za jinsia moja, na ilikuwa inafahamika kwamba taasisi ya hisani ya kampuni hiyo ilichangia fedha vikundi vilivyozipinga. Watetezi wa ndoa hizo wakatangaza kususia. Hadi hapo kila mtu alikuwa katika nafasi yake: mkuu wa kampuni amesema, na wateja wamemjibu kwa mifuko yao. Mambo yaliharibika pale wenye ofisi za umma walipoingia. Meya wa Boston, Thomas Menino, alitamka kwamba kampuni hiyo haina nafasi katika jiji lake, na diwani mmoja wa Chicago akaahidi kuzuia kibali cha mgahawa mpya katika kata yake.

Waliowakemea hawakuwa mashabiki wa Cathy peke yao. Michael Bloomberg, meya wa New York wakati huo, ambaye aliunga mkono ndoa za jinsia moja, alisema haifai serikali ya mji kuchunguza maoni ya mtu ndipo iamue kama anaruhusiwa kufanya biashara, na tawi la Illinois la chama cha kutetea uhuru wa raia, ACLU, likashika msimamo huo huo. Menino mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakuwa na mamlaka ya kuinyima kampuni kibali kwa sababu ya kauli ya mkuu wake. Tarehe 1 Agosti mwaka ule, waliokubaliana na Cathy walijipanga foleni ndefu nje ya migahawa hiyo kuonyesha kwamba wako upande wake.

Ninakikazia kisa hiki, Ndugu Mkurugenzi, kwa kuwa waliotaka kutumia kibali kule walikuwa upande ulio kinyume kabisa na wale wanaotaka kutumia leseni hapa. Ofisi ikishajipa uwezo wa kufunga duka kwa sababu ya msimamo wa mwenye mali, uwezo huo utarithiwa na kila atakayekalia kiti baada yako, na hakuna kati ya waliopiga makofi kikaoni anayeweza kuahidi kwamba mrithi huyo atakuwa na imani kama yake.

Vipo visa vingine ambavyo mzigo ulimwangukia aliyesema au aliyetoa fedha. Brendan Eich alijiuzulu ukuu wa kampuni ya Mozilla tarehe 3 Aprili 2014, siku chache tu baada ya kuteuliwa, kwa sababu ya mchango wa dola 1,000 alioutoa mwaka 2008 kuunga mkono kura ya California ya kupiga marufuku ndoa za jinsia moja. Guido Barilla, mwenyekiti wa kampuni ya tambi ya Italia yenye jina la ukoo wake, aliomba radhi mwaka 2013 baada ya kusema redioni kwamba hataonyesha familia ya wapenzi wa jinsia moja katika matangazo yake, kauli iliyozusha wito wa kususia. Hoteli za Dorchester Collection, ambazo ni mali ya Brunei, zilisusiwa mwaka 2014 na tena 2019 kwa sababu ya sheria ya nchi hiyo ya kuwapiga mawe hadi kufa wanaume waliofanya mapenzi ya jinsia moja, na Mei 2019 Sultani alitangaza kwamba utekelezaji wa adhabu ya kifo utaendelea kusitishwa. Hata huko, uongozi wa hoteli ulilalamika kwamba wanaoumia ni wafanyakazi, na ingawa ulikuwa na maslahi yake katika kulalamika hivyo, hoja yenyewe inastahili kujibiwa.

Inastahili kujibiwa zaidi hapa Tabora, kwa sababu ya bia. Aprili 2023 wateja wengi wa Marekani waliisusia bia ya Bud Light baada ya kampuni kushirikiana na Dylan Mulvaney, mwanamke aliyebadili jinsia, katika tangazo fupi la mtandaoni. Mauzo yakashuka hadi bia hiyo ikapoteza nafasi ya kwanza nchini humo kwa bia nyingine iitwayo Modelo Especial, na kampuni ilipojaribu kujitoa katika ugomvi iliwaudhi hata waliokuwa wakiitetea. Waliopata hasara mapema ni pamoja na wasambazaji wa mitaani, ambao kwa mfumo wa Marekani ni wafanyabiashara wanaojitegemea na hawakuwa na kauli katika tangazo lile. Bud Light ni ya Anheuser-Busch InBev, ambayo tangu mwaka 2016 ndiyo pia kampuni mama ya Kampuni ya Bia Tanzania, na hapo ndipo unapotoka ule ujumbe kwamba anayekunywa Safari au Kilimanjaro anachangia ushoga. Duka langu haliuzi pombe, hivyo sitetei mauzo yangu. Ninachosema ni kwamba tangazo lile halikupangwa Dar es Salaam, kwamba bia hizi hutengenezwa na Watanzania, na kwamba mwenye grosari wa Kata ya Cheyo hapa mjini hana njia yoyote ya kumfikishia ujumbe mkuu wa kampuni aliye Ubelgiji kwa kuachiwa kreti zilizojaa.

Ninamfahamu mama mmoja anayeuza soda na chipsi karibu na stesheni. Asubuhi huchukua kreti kwa wakala kwa mali kauli, na jioni humlipa wakala kutokana na alichouza, hurudisha chupa tupu, na kinachobaki anakigawa kati ya mafuta ya kesho na marejesho ya mkopo wa kikundi. Siku ambayo kundi la vijana lilisimama mbele ya friji yake likiwauliza wateja kama wanajua wanachokinunua, aliuza chupa chache sana. Wakala alitaka fedha yake kama kawaida, kikundi nacho kilitaka marejesho yake kama kawaida, akalipa kwa fedha aliyokuwa ameweka kwa ajili ya sare ya shule ya mwanawe. Huyu hajawahi kutoa kauli yoyote kuhusu jambo hili, na kampuni anayodaiwa kuitumikia haimjui.

Lakini lililonifanya niandike ni ile saluni. Usiku mmoja baada ya orodha kusambaa, mlango wake ulipakwa alama ya X kwa rangi nyekundu, alama ile ile inayowekwa kwenye nyumba zinazotakiwa kubomolewa kupisha barabara. Asubuhi nilimkuta kijana mwenye saluni akiisugua kwa kitambaa na mafuta ya taa, na rangi ilikuwa imeingia katika mikunjo ya bati kiasi kwamba alama ilififia tu bila kutoka. Hakuna kauli yake, mchango wake wala tangazo lake ambalo mtu yeyote ameweza kulionyesha. Wametazama mavazi yake na namna anavyozungumza, wakatosheka.

Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, katika kifungu cha 154, inaweka adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha kwa tendo la ngono linaloitwa kinyume cha maumbile, na kwa hiyo kumtaja mtu kwa uvumi si utani wa kijiweni. Aliyetajwa anaweza kupigwa, kufukuzwa alipopanga, kukosa wateja na kukataliwa na ndugu zake kabla hajaulizwa swali lolote na yeyote mwenye mamlaka ya kuuliza. Katiba katika ibara ya 13(6)(b) inakataza hata aliyekwisha kushtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika, na ibara ya 16 inamhakikishia kila mtu heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi. Watakaoniuliza msimamo wangu ninawajibu hapa hapa: ninaamini kila binadamu ana heshima aliyozaliwa nayo, na sikubali jirani yangu aishi kwa hofu kwa sababu ya sauti yake.

Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 ninaifahamu kwa kuwa nimeishi chini yake. Mwombaji anaulizwa namba ya mlipakodi, uthibitisho wa hali yake ya kodi, mkataba wa pango na aina ya biashara. Haulizwi maoni ya mwenye kiwanda kilichotengeneza sabuni iliyo rafuni mwake. Ninaomba tamko lako liseme hivyo kwa lugha nyepesi, libandikwe kwenye mbao za matangazo za Halmashauri na za ofisi za kata, na maafisa biashara waagizwe kutopokea orodha ya aina hiyo kama kiambatisho cha malalamiko yoyote. Ninaomba pia watendaji wa kata wapewe maelekezo ya kuwalinda waliotajwa na kuwazuia wanaosimama mbele ya meza za wauzaji kuwatisha wateja.

Nina ombi moja la tahadhari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha taarifa unazojua ni za uongo kwa nia ya kumkashifu au kumtishia mtu, na wapo wanaotaka itumike kwa kila aliyesambaza orodha. Mimi sitaki hivyo. Kijana aliyeandika kwamba hatanunua tena soda fulani ametoa maoni yake, na aachwe. Anayestahili kuitwa na kuhojiwa ni yule aliyeongeza majina ya watu wa hapa chini ya majina ya kampuni.

Leseni ya saluni ile inaisha mwezi Juni. Ninaomba kijana yule atakapofika dirishani aulizwe yale yale ninayoulizwa mimi, na akiwa ameyatimiza apewe leseni yake siku hiyo hiyo.

Wako katika ujenzi wa Manispaa yetu,

Mwenye duka la rejareja,
Kata ya Isevya, Tabora

Nakala: Mkuu wa Wilaya ya Tabora