Barua kwa mwanangu: kitumie kisa ulichopewa

Mwanangu mpendwa,

Nimeyasoma majibu mawili ya mazoezi uliyonitumia, na ninakupongeza kwa kuwa sheria ya mikataba umeielewa vizuri. Kasoro niliyoiona haimo katika unayoyajua, bali katika namna unavyoyatumia. Ukurasa mzima wa kwanza unaeleza pendekezo ni nini, kukubali ni nini na mahakama zimesema nini, huku muuzaji na mnunuzi waliotajwa katika swali wakisubiri hadi aya ya mwisho, ambako umewapa sentensi mbili tu. Msahihishaji anazijua kanuni hizo kukuzidi. Anachotafuta ni kuona kama unaweza kuzitumia kuamua kisa alichokutungia.

Nitachukua swali lako lenyewe. Muuzaji aliandika kwamba anauza mashine kwa bei fulani na kwamba atasubiri jibu hadi Jumatatu. Mnunuzi akajibu, "Je, unaweza kupokea malipo kwa awamu mbili?" Muuzaji hakujibu, akaiuza mashine kwa mtu mwingine, na mnunuzi, kabla hajapata habari hizo, akaandika siku ya Jumatatu kwamba anakubali bei na masharti ya awali. Wewe umejibu kwamba, kwa mujibu wa kesi ya Hyde dhidi ya Wrench ya mwaka 1840, pendekezo kinzani, yaani jibu linaloweka masharti mapya badala ya kukubali, hulifuta pendekezo la kwanza, na kwa hiyo hakuna mkataba. Kanuni ni sahihi, lakini umelipita swali lililokuwa na alama nyingi kuliko yote: maneno yale ya mnunuzi yalikuwa pendekezo kinzani, au alikuwa anauliza tu?

Katika kesi ya Hyde, shamba lilikuwa likiuzwa kwa pauni 1,000 na mnunuzi akasema atatoa pauni 950. Alitaja bei yake mwenyewe. Katika kesi ya Stevenson, Jacques dhidi ya McLean ya mwaka 1880, wanunuzi wa chuma waliuliza kwa telegramu kama muuzaji angekubali bei yake ile ile ya shilingi 40, ila mzigo ufikishwe katika muda wa miezi miwili, na kama sivyo, muda mrefu kabisa ambao angewapa ni upi. Mahakama iliona kwamba huko kulikuwa kuuliza, na pendekezo likabaki hai. Kisa chako kimewekwa makusudi katikati ya kesi hizi mbili, na hakuna neno ndani yake lililoangukia pale kwa bahati.

Hapo ndipo ungekaa. Kwa upande wa mnunuzi, ungesema kwamba ameuliza, hakutaja bei mpya, wala hakusema kuwa bila awamu hanunui. Kwa upande wa muuzaji, ungesema kwamba wakati wa kulipa ni sharti kubwa katika mauzo, na kwamba mtu wa kawaida akisoma ujumbe ule anaweza kuelewa kuwa masharti ya mwanzo yamekataliwa. Kisha ungeeleza ni hoja ipi ina nguvu zaidi na kwa nini. Mimi ningeegemea kwa mnunuzi, lakini mwenzako akiegemea upande wa pili kwa hoja nzuri anaweza kupata alama sawa na zangu, maana hitimisho lenyewe hubeba alama chache mno.

Jambo jingine ni kwamba ulipofika kwenye "hakuna mkataba" uliweka kalamu chini. Usifanye hivyo. Andika kwamba, endapo mahakama itaona kuwa pendekezo lilibaki hai, yatazuka masuala mengine, kisha endelea nayo. Ahadi ya kusubiri hadi Jumatatu, ambayo mnunuzi hakuitolea chochote, haimzuii muuzaji kubadili nia mapema. Hata hivyo, katika kesi ya Byrne dhidi ya Van Tienhoven ya mwaka 1880 iliamuliwa kwamba kuondoa pendekezo hakuna nguvu mpaka habari zimfikie aliyependekezewa. Mnunuzi wako hakuwa amefikiwa na habari hizo, si kutoka kwa muuzaji wala kwa mtu mwingine. Yote haya yalikuwa ndani ya kisa na hukuyagusa.

Usinielewe kwamba kila kipengele kistahili maelezo marefu. Katika swali la uzembe ambapo dereva amemgonga mtembea kwa miguu, wajibu wa uangalifu haubishaniwi, hivyo sentensi moja inautosha, wala huna haja ya kuanza na kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya 1932 na konokono wake aliyedaiwa kukutwa ndani ya chupa ya kinywaji, ambaye nadhani wasahihishaji wamemchoka. Kama ubishi uko kwenye kisababishi cha jeraha, peleka wino wako huko. Ile mistari minne mnayofundishwa, yaani suala, kanuni, uchambuzi na hitimisho, inafaa, lakini haimaanishi kwamba kila mstari upewe nafasi sawa.

Anza kwa kusoma sentensi ya mwisho ya swali. Ukiambiwa "mshauri mnunuzi", mshauri yeye, pamoja na udhaifu wa kesi yake. Ukipewa swali la insha lenye kauli ya kujadili, sema mapema kama unaikubali na kwa kiasi gani, maana insha inayosimulia historia ya kanuni bila kuijibu kauli haifiki mbali.

Kuhusu muda, mtihani wa saa 3 wenye maswali manne yenye alama sawa unakupa dakika 45 kwa kila swali, na sehemu ya kwanza ya dakika hizo itumie kusoma na kupanga. Dakika zikiisha, hama, hata kama una la kuongeza; alama za mwanzo za swali jipya hupatikana kwa urahisi kuliko za mwisho za swali la zamani.

Lile jibu la mashine liandike upya bila kufungua madaftari, mnunuzi na muuzaji waonekane tangu aya ya kwanza, kisha unitumie. Safari hii nitalisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Baba yako