Karafuu za mwakani

Narayan Peth, Pune
Jumapili usiku, mwisho wa Mei

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaikum. Hujambo, mama hajambo, na Bi Zuhura anaendeleaje na lile goti? Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotumaliza. Najua umeninunia. Miezi minne bila salamu, na ujumbe wako wa kuuliza Salim afungashe nini anapokuja chuo huku nimeusoma mara tatu nikauacha. Niwie radhi. Kwanza ilikuwa mitihani, kisha likazuka jambo la nyumba hii, nikakosa moyo wa kuandika.

Niyamalize ya Salim. Akija Julai atakuta mvua imeshika. Masika ya kwetu Tanga humwaga maji, kisha jua likatoka watu wakaanika. Ya hapa ni rasharasha kutwa kucha, siku tano sita hulioni jua. Nguo hazikauki na mkanda wa ngozi unaota ukungu kabatini. Kwa hiyo viatu vya ngozi aviache huko, alete ndala imara na suruali nyepesi. Mwavuli atanunua hapa Laxmi Road. Sweta asiidharau, maana usiku wa Desemba na Januari baridi hufika nyuzi 10 na kushuka zaidi. Na kuna kitu kimoja nataka anibebee mimi: karafuu. Robo kilo, ya Pemba, iliyokauka vizuri na vichwa vyake, si makonyo. Uende sokoni Mgandini wewe mwenyewe uchague, usimtume mtu.

Ni za Aaji, yule bibi mwenye nyumba ninayokaa. Wiki hii tumetia achari, Mwanaidi, na tangu siku ile sina raha.

Mwezi huu kila nyumba inaweka akiba kabla ya mvua. Juu ya mapaa wametandaza sari kuukuu, wameanika papad na kurdai, zile nyuzi za ngano kama tambi zinazokaangwa mvua ikinyesha, na watoto wamewekwa kufukuza kunguru. Embe za hapus za Ratnagiri na Devgad zimejaa sokoni Mandai, na watu wanazila kwa pupa kwa sababu mvua ikianza msimu wake umekwisha. Achari yenyewe lakini ni ya embe mbichi, wenyewe wanaiita kairi.

Aaji hukata kwa vili. Ni ubao, unaukanyaga kwa mguu ukiwa umekaa chini, una kisu kilichopinda kwenda juu, na nchani kabisa kuna meno ya kukunia nazi. Nilipokiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu: ni mbuzi! Mbuzi ya nyumbani, ila hii shingo yake inakata. Embe zikaoshwa, zikafutwa moja moja kwa kitambaa kikavu, maana tone moja la maji huozesha mtungi mzima. Mimi kazi yangu ilikuwa kufuta, na kila niliyoifuta aliipitishia kidole tena. Kisha chumvi, manjano, pilipili, haradali iliyovunjwa, uwatu, mvuje. Yote nayajua kutoka jikoni kwa mama. Mafuta yakachemka, yakaachwa yapoe kabisa, ndipo yakamiminwa. Mtungi ni wa kaure, juu kahawia chini mweupe, na mdomo wake akaufunga kwa kitambaa na uzi.

Tukaingia kwenye gulamba, embe ya sukari guru. Humo ndimo anamotia karafuu zangu, zile nilizokuja nazo mwaka wa kwanza. Anasema za dukani kwake hazina roho. Akafungua kopo, zimebaki tatu. Akazitia zote tatu, akapiga kopo chini kwa kiganja vumbi lake nalo liingie, akaniambia, "Mwambie nduguyo alete nyingine, za pudhchya varshi." Za mwakani.

Sikujibu. Mwakani nyumba hii haipo.

Nilikuwa sijakwambia. Mwanawe wa Bengaluru ameshatia saini na mjenzi, baada ya Diwali, sikukuu yao ya taa, wanabomoa. Hizi wada, nyumba za kale za mbao na matofali zenye ua katikati, zinakwisha moja baada ya nyingine mitaa hii, linapanda ghorofa. Huyo mwana simlaumu. Paa linavuja, ngazi zimesimama kama za mnazi, na mvua zilizopita Aaji aliteleza mimi nikiwa chuoni, akakaa chini pale nusu saa. Jengo likiisha atapewa nyumba yake ghorofa ya tatu, yenye lifti. Mpaka hapo atakaa Bengaluru. Yote yamepangwa vizuri na wote wameridhika, hata yeye aliitikia mbele yao. Halafu ananiagiza karafuu za mwakani.

Ukutani uani kuna mstari, juu ya kichwa changu. Ni maji ya tarehe 12 Julai 1961, bwawa la Panshet lilipopasuka mto ukaingia mjini. Aaji aliolewa mwaka uliofuata, na mtungi wa achari ulikuwa umesalimika kwa kuwa juu. Mama mkwe wake akamkabidhi huo kabla hajamkabidhi hata funguo. Ndio huu tuliojaza juzi. Ule mstari utakwenda wapi, Mwanaidi? Mtungi utabebwa. Ukuta haubebeki.

Mvua huku hufika kama tarehe 10 ya Juni. Upepo unaoileta ni kusi, huo huo unaopita hapo kwetu kwanza. Babu yako alikuwa akisema kaskazi uliyaleta majahazi na kusi ukayarudisha Bara Hindi. Siku hizi ukiniambia bahari imechafuka wavuvi hawatoki, mimi nahesabu wiki. Aaji naye ananiuliza, "Kwenu upepo umeanza?" kama vile tunakaa mitaa miwili mbali. Baada ya hapo watapita wale mahujaji wanaokwenda hekaluni Pandharpur kwa miguu, wiki tatu njiani, naye atawapikia. Kisha Ganpati, sikukuu ya mungu wao Ganesh.

Ganpati ndiyo inayonitia hofu. Tunakaa karibu na Kesariwada, nyumba ya Tilak, yule mpigania uhuru aliyeieneza sikukuu hiyo iwe ya hadhara miaka ya 1890, kwa hiyo ngoma zote tunazo mlangoni. Siku ya mwisho maandamano hayakatiki usiku kucha mpaka kesho yake, dhol zinapigwa mpaka madirisha yanatikisika. Na wakati wa kuiaga sanamu inapotiwa majini watu wote hupaza sauti: pudhchya varshi lavkar ya. Mwakani uje mapema. Mwaka jana Aaji alilisema hilo uani, mbele ya ndoo ya maji, na sanamu yake ndogo ya udongo. Mwaka huu atalisema, nami nitakuwa nimesimama pale pale na taulo.

Sijui alikuwa amesahau au alitaka nimjibu. Rekha wa chini anasema nisimguse moyo, nikae kimya. Mimi naona kimya nacho ni kama uongo.

Wewe uliyapitia haya, nyumba ya Chumbageni ilipouzwa. Bibi yako mlimwambiaje? Alikuwa anaizungumzia wazi au na yeye alikuwa akipanga mambo ya mwaka ujao? Na ni kweli ulichukua komeo la mlango, au Mwinyi alinidanganya? Nikimwomba Aaji anifundishe gulamba kwa kipimo, nikaandika, ataona namzika? Mama anauliza kama nitarudi likizo ya Oktoba; je, nikibaki hapa mpaka Diwali atanielewa, na unaweza kumwambia wewe kwanza? Salim anaanza chuo tarehe gani hasa? Na wewe, yale mambo yako na yule bwana wa bandarini yameishia wapi, mbona umenyamaza?

Nisalimie wote.

Wako,
Rukia

N.B. Karafuu iwe nusu kilo. Aitie kwenye chupa yenye kifuniko, asifunge kwenye karatasi. Julai huku kila kitu kinavuta unyevu.